Picha ya Maandishi

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika, ziwa limetulia, na mimi nina hasira.

Miaka yote hii naandika mabango kwa mkono hapa Kirumba. Saluni, maduka ya dawa, mitumbwi, hakuna aliyewahi kuniambia nishushe kazi yangu. Leo nimeambiwa. Tena mbele ya wapishi.

Madamu Lin, mwenye mgahawa wa Kichina kule Pasiansi, alinipa kazi ya bango la mlangoni: KARIBU kwa Kiswahili, na chini yake herufi nne za Kichina. Hizo aliniandikia mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi. Nikazipima, nikazichora kwa chaki, nikajaza rangi nyekundu. Kila mstari ulikaa mahali pake. Nililinganisha mpaka macho yakauma, jana nikalitundika.

Leo asubuhi baba yake, mzee aliyekuja kumtembelea, alisimama mbele ya bango. Nikampa shikamoo, hakusikia. Alinyoosha kidole akawa anazifuata herufi hewani. Kidole kikaenda, kikakwama. Kikarudi. Kikakwama tena. Akacheka!

"Dada, usikasirike," Madamu Lin akaniambia. "Baba anasema hii si maandishi. Hii picha ya maandishi."

Usikasirike.

Nikamwonyesha karatasi yake, anionyeshe kosa. Akakubali halipo. Ila wao, akasema, wamejifunza kwa kuandika na kuandika tangu utotoni, kwa hiyo wakiona mwandiko wa mtu, kichwa hakiishii kutazama. Kinauandika upya kimyakimya, mstari baada ya mstari. Kwenye bango langu kinakosa pa kuanzia. Basi lishuke, na Jumamosi waje watu wa mashine wabandike stika.

Stika! Hao wa stika wamekwisha kula nusu ya kazi zangu mjini, sasa wananifuata hadi kwa Wachina. Nikaona huu ni uonevu tu. Mtu anataka kunitoa, ananiletea habari za kichwa chake.

Nikamwekea mzee brashi mkononi na kipande cha ubao mbele yake. "Haya, babu, na wewe andika KARIBU!"

Hakukataa. Alinakili taratibu, ulimi nje. Alipomaliza, herufi zote sita zilikuwa zimenyooka, hakuna iliyopinda.

Na mimi nikajua papo hapo: hii nayo ni picha ya maandishi.

B aliianza na matumbo, mgongo akauweka mwisho. Nguzo ya K aliipandisha kutoka chini. Pale juu, ambapo mkono wangu unaanza brashi ikiwa imeshiba rangi, yake ilikuwa imekauka. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza vyenyewe pajani, vinazifuata herufi zake, vinakwama. Sikuwa nimeviambia.

Nilichukia zaidi. Afadhali mzee angekuwa mwongo.

Halafu nikamtazama. Amesimama mbele ya KARIBU yake, anatabasamu, haoni kasoro hata moja. Ndivyo nilivyosimama mimi jana.

Sikumcheka. Hapo namshinda.

Bango nimelishusha kwa mikono yangu, liko hapa ukutani linanitazama. Jumamosi haijafika. Kesho naamkia Pasiansi na brashi mbili, moja yangu, moja ya mzee. Anionyeshe mkono unaanzia wapi, nami nitamwonyesha B. Hasira naenda nayo hiyo hiyo, sitaiacha nyumbani.

Wa stika wasubiri kwanza.