Ombi la Tatu

Jumatatu, 22 Februari

Leo nimeona watu wazima wakisusa! Kwa macho yangu mwenyewe, si kwa kusoma kurasa za wenzangu.

Zamu yangu ilianza saa kumi na dakika kumi. Dakika kumi tu — nakaa kwenye meza yetu chini ya kiti cha Mwenyekiti, naandika kwa hati mkato kila kinachotamkwa, mwenzangu Fakhra anakuja kunipokea zamu, natoka, naenda chumba cha kuchapa, nachapa karibu saa nzima. Kisha narudi tena kwa dakika kumi. Miaka mitatu naijua Seneti kwa vipande vipande. Mtu akianza ugomvi mbele yangu, sijui unaishaje mpaka nimuulize Fakhra. Inaniua!

Leo kipande changu kikawa kitamu. Seneta Mir Shahdost, mkuu wa upinzani, yuko katikati ya habari ya gesi — Quetta watu wanalala na baridi, mabomba makavu — Mwenyekiti akasema muda umekwisha, maiki ikazimwa.  Mir akakunja shali yake taratibu. Akatoka, na watu wake kumi nyuma yake, bila hata kuangalia pembeni.

Mwenyekiti wala hakushtuka. Akamgeukia Seneta Tajammul wa upande wa serikali: ndugu yangu, nenda kawabembeleze. Na Tajammul akaenda! Jitu zima, tumbo limemtangulia. Dakika nane baadaye wamerudi wote. Mir anatangaza kwamba wamerudi kwa ombi la ndugu yao Tajammul, Mwenyekiti anashukuru, watu wanapiga meza. Khaa! Kumbe ni kama mume wa shangazi anayesusa pilau harusini, nusu ya ukoo inakwenda kumbembeleza kwa kumshika kidevu.

Nikamuuliza Iqtidar sahib, mkuu wetu, aliyekaa hapa miaka thelathini na mitatu: huko nje huwa wanaambiana nini? Akasema huko nje hakuandikwi. Ila utaratibu anaujua. Ombi la kwanza unakataa. La pili unakataa, ila unamkaribisha mwombaji chai. La tatu ndiyo unainuka. Ukiinuka mapema umejishusha. Na mwombaji lazima awe ametumwa, haji tu kwa miguu yake. Nani aliandika kanuni hiyo? Hakuna. Nani amewahi kuivunja? Hakuna. Akaniambia nipunguze udadisi, hapa yameajiriwa masikio yangu, mdomo haukuomba kazi.

Kipengele cha 19 cha ajenda hakikufikiwa. Tena.

Alhamisi, 25 Februari

Ofisini sijamwambia mtu kwa nini nakihesabia siku kipengele cha 19. Hapa nasema.

Dada yangu Rukhshanda amekwenda leo kwenye dirisha la usajili wa vizazi, hapa Rawalpindi, mara ya sita. Karani anataka kitambulisho cha baba wa mtoto. Baba wa mtoto alikwenda Muscat miaka saba iliyopita. Simu yake iliita miezi minne, halafu ikaacha kuita. Basi leta cheti cha kifo. Nani amesema amekufa? Basi leta talaka. Nani ameniacha? Karani akachoka, akasema, dada, leta chochote basi. Rukhshanda akamwambia, nimekuletea mtoto, huyu hapa! Na Mahpara amesimama pale na sare yake ya shule. Foleni nzima ikacheka. Mahpara hakucheka.

Ana miaka kumi na minne. Bila karatasi ile ya kuzaliwa shule haiwezi kumsajili kwa mtihani wa taifa. Wamempa mpaka mwisho wa mwaka, kwa huruma ya mwalimu mkuu. Jioni tukiwa tunachambua dengu akaniuliza, Mama mdogo, mtu asiye na karatasi akifeli, amefeli nani? Nilicheka. Kisha nikajifanya naangalia chungu jikoni, nikalia huko.

Kipengele cha 19 ni muswada wa Bibi Zarghuna Kasi, seneta wa Quetta, miaka sabini na moja. Mistari minne tu, nimeihesabu: baba asipopatikana, jina la mama linatosha. Umekaa kwenye kamati miaka mitano. Mistari minne! Walikuwa wanaisoma kwa kidole?

Ijumaa, 26 Februari

Nimemchokonoa Iqtidar sahib kwa ujanja, kana kwamba nauliza habari za jumla tu. Bunge la chini limeshaupitisha, unangoja sisi. Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya miswada binafsi ya maseneta, Jumanne kikao kinafungwa. Tarehe 11 Machi muda wa Bibi Zarghuna unakwisha, na muswada wa aliyeondoka unafutwa kwenye orodha. Mwingine akitaka ataanza upya, na kamati upya.

Miaka mitano mingine. Mahpara atakuwa na kumi na tisa.

Iqtidar sahib akanitazama juu ya miwani. Leo maswali yako yana mguu mmoja nyumbani, akasema. Nikasema, chavua ya maua tu, sahib, kichwa hakijatulia.

Jumapili, 28 Februari

Chavua kweli sasa. Islamabad nzima inapiga chafya. Nimefua, nimepiga pasi, nimemfundisha Mahpara aljebra ambayo mwenyewe siijui.

Jumatatu, 1 Machi

Naandika chumba cha kuchapa, kurasa zangu rasmi zimeshamalizika.  Nianze mwanzo, nisiruke.

Saa tisa na nusu, zamu ya kwanza: kipengele cha 4. Habari za mbwa wa mitaani. Maseneta wanapiga chafya kwa zamu, na chafya haziandikwi. Bibi Zarghuna kwenye kiti chake, miwani imefungwa na uzi upande mmoja, karatasi mkononi, hatafuni kitu, hazungumzi na mtu.

Zamu ya pili: kipengele cha 12. Wanakwenda! Kura za sauti, ndiyo, ndiyo, imepita, ndiyo, imepita. Moyo wangu juu.

Zamu ya tatu nakaa, kipengele cha 18, na Mir Shahdost amesimama. Gesi tena. Nikajisemea, Mungu wangu, mzee, leo hapana. Mwenyekiti: muda. Mir: neno moja. Mwenyekiti: muda, Mir sahib. Maiki ikazimwa. Shali ikakunjwa. Kumi na mmoja wakatoka.

Mwenyekiti akamtuma Tajammul kama kawaida, kisha akaita kipengele cha 19. Bibi Zarghuna akasimama. Akasema, Mheshimiwa, naomba — na mtu mmoja wa upinzani aliyebaki mlangoni akainua mkono: akidi haijatimia. Hakuwa na ubaya! Wakitoka, lazima mmoja abaki nyuma aseme hivyo, ndiyo desturi yao, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Wanatakiwa ishirini na sita. Katibu akahesabu. Ishirini. Mwenyekiti akaamuru kengele ipigwe dakika tano. Ikinyamaza bila watu, kikao cha leo kimekwisha, na muswada umekwisha nacho.

Bibi Zarghuna alikuwa bado amesimama. Hakukaa. Kinywa kimebaki wazi kidogo pale penye neno "naomba". Na mimi niliandika neno hilo, halafu nukta nukta nukta. Fakhra akanigusa bega. Dakika zangu kumi zimeisha.

Nikatoka. Njia ya chumba cha kuchapa inapita sebuleni kwa maseneta.

Wote kumi na mmoja wako kwenye makochi, sambusa mezani, chai inafuka. Mir amevua viatu, amekunja miguu juu ya kochi kama yuko kwao. Kengele inalia juu ya vichwa vyao na hakuna anayeisikia. Tajammul amesimama katikati, mikono imeshikana, anaomba. Nikapunguza mwendo. Kiherehere changu!

Mir akamwambia, umeomba mara mbili, kaka, tumekataa mara mbili, sasa kaa unywe chai. Yaani limebaki moja tu! Tajammul akachukua kikombe, na mkono wa pili ukaenda kwenye sahani. Hapo seneta mmoja mwenye miwani akasema, hivi Tajammul, umekuja kutuomba sisi au umekuja kuziomba sambusa?

Wakacheka wote. Tajammul hakucheka. Akarudisha sambusa kwenye sahani. Akasema, kila siku nawanyenyekea, kila siku mnanikejeli mwili wangu. Akakaa pembeni, akawapa mgongo.

Amesusa! Mbembelezaji amesusa!

Na hakuna wa kumalizia ombi la tatu. Wale hawawezi kuinuka bila kuombwa, yule haombi tena. Wanatazamana. Mwenye miwani anafuta miwani. Niliona kabisa kwamba wanataka kurudi — mmoja alikuwa anachungulia saa, mwingine ameshavaa kiatu kimoja — na hakuna mwenye ubavu wa kuwa wa kwanza. Kengele inaendelea. Nilihesabu kwa kichwa, zimebaki kama dakika mbili.

Nikasikia sauti inasema, Waheshimiwa, tafadhali rudini ndani. Ilikuwa yangu.

 Mir akanitazama kuanzia daftari mpaka viatu. Akauliza kwa upole, binti, nani amekutuma?

Ningesema Mwenyekiti. Neno moja lile, wangeinuka papo hapo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini miaka mitatu sijawahi kuandika neno ambalo halikusemwa, na ulimi wangu mjinga ukakumbuka hilo wakati huo huo!

Nikasema, sijatumwa na mtu.

Mwenye miwani akasema, basi hilo si ombi, mwanangu, ni mazungumzo tu.

Nikasema, nyumbani nina mtoto wa dada yangu, hana karatasi, muswada ule ndani ni wake. Baba yake yuko wapi, akauliza Mir. Nikasema Muscat, au kaburini, hatujaambiwa. 

Mir akashusha miguu, akapapasa kiatu. Kimoja kilikuwa kimeingia chini ya kochi. Nikapiga magoti nikakivuta. Akavaa, akasimama, akawaambia wenzake, hili ni la tatu. Hakuna aliyebisha. Wakaenda kwa haraka, mashali yanapepea, na mlangoni Mir akageuka: Tajammul, nawe inuka basi. Tajammul bila kugeuka: sitaki. Inuka, ndugu yangu. Sitaki! Mir akarudi hatua tatu nzima, akamshika kidevu. Kengele ikakatika walipokuwa wanavuka kizingiti, na mlango ukafungwa nyuma ya matumbo yao.

Mimi nikabaki nje na sambusa.

Fakhra amekuja sasa hivi na kurasa zake. Akidi imetimia, thelathini na mbili pamoja na Tajammul. Kura: kumi na saba ndiyo, kumi na tano hapana. UMEPITA. Nimemkumbatia mpaka kalamu yake imenichora shingoni.

Kisha akanionyesha ukurasa wa kwanza. Mir alipoingia alisema, kama desturi, wamerudi kwa ombi la nani. Fakhra ameandika neno kwa neno: "la binti mmoja wa hati mkato, ambaye jina lake silijui."

Mmoja wa wale kumi na tano amesimama baada ya kura. Amesema mtumishi akiwashawishi maseneta, kura ni batili. Mwenyekiti amesema uamuzi wake atautoa kesho asubuhi kabla ya kufunga kikao.

Fakhra ananiangalia. Ni wewe, anauliza. Wewe, Tehniat?

Jumanne, 2 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Nimelala labda kwa saa moja tu. Nyumbani sijasema chochote, si kuhusu kupita wala kuhusu batili. Mahpara ameniuliza mbona nakula ukoko.

Iqtidar sahib alinisubiri kwenye lifti. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Amesema Mwenyekiti anataka maandishi: kilichosemwa sebuleni, neno kwa neno, kwa mkono wa mwandishi mwenyewe. Kama mwenye muswada alimtuma mtu kuwaita wenzake, hilo linaruhusiwa, limefanyika mara mia, kura inasimama. Kama mtumishi alikwenda kwa hiari yake, kura inarudiwa. Na kikao kinafungwa leo, kwa hiyo hairudiwi.

Nikamuuliza wengine wamesemaje. Amesema Mir ameulizwa jana hiyo hiyo, amejibu kwamba kengele ilikuwa inapiga kelele, anakumbuka alichouliza, jibu hakulisikia. Wenzake wote kumi hawakusikia. Tajammul amesema alikuwa anatazama ukuta. Basi umebaki wewe, amesema Iqtidar sahib, na hajaniambia niandike nini. Miaka thelathini na mitatu, mtu ana maoni kuhusu kila koma — leo hana hata moja!

Kisha Bibi Zarghuna amekuja mwenyewe chumba cha kuchapa. Hajawahi kufika huku, alipotea akaingia stoo kwanza. Amekaa kwenye kiti cha Fakhra, amenishika mkono, mkono wake wa baridi. Amesema, andika kwamba mimi nilikutuma. Nikamwambia, Bibi, hukunituma. Amesema, ningekuwa nakujua ningekutuma, miaka mitano nimekuwa nikimtafuta mtu wa kumtuma. Mimi naondoka wiki ijayo, watanifanya nini? Halafu ameuliza jina la mtoto. Nimemtajia. Amelirudia mara mbili, kama anayejaribu kulihifadhi, akaondoka.

Saa tatu kasorobo sasa. Karatasi rasmi iko mbele yangu, yenye nembo. Nimeandika tarehe. Nimeandika kwamba Seneta Tajammul aliomba mara mbili. Nimeandika la sambusa, maana lilisemwa. Nimeandika, "Mir Shahdost: Binti, nani amekutuma?" Chini yake nimeandika jina langu na nukta mbili.

Iqtidar sahib amesimama mlangoni, ameshanyoosha mkono. Anasema Mwenyekiti ameshakaa kitini. Mstari wa Mir umekauka wino. Wangu bado.