Waya Umeshuka Mtini, Mkude

Mkude, mtani wangu,

Waya umeshuka. Nimeutoa mwenyewe leo asubuhi, na mti wenu sasa hauna kitu chochote cha Mdachi. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilingoja, kama huko uliko watu wanangoja. Mengine yote ni mabaya.

Tangu uanguke, kibanda chetu cha simu ya upepo hapa juu ya Bigwa kimekuwa kama nyumba iliyohamwa. Nakaa peke yangu, nasikiliza milio inayotoka mbali, kisha nairudia kwa kidole kwenye waya mwingine unaoteremka mpaka bomani mjini. Kazi ni ile ile, ila hakuna wa kunigombeza nikikosea. Kile kibuyu bado kipo. Siku ulipokikata mdomo, ukakipaka nta ndani na kutumbukiza kisikilizio humo ili tusikie wote wawili, nilikucheka. Nilisema Mluguru akiona kibuyu anawaza pombe tu. Ukanijibu, "Nyamaza, Mnyamwezi, usikie." Nikanyamaza, nikasikia, mlio umenona kweli. Siku hizi kinakoroma. Nimebadilisha nta, nimekitandika kitambaa, bado kinakoroma. Wewe ungejua palipolegea.

Na ule waya wa juu mtini, unaonasa milio, sitausamehe. Kila mvua iliponyesha, majani mabichi yaliugusa na sauti ikamezwa. Ndiyo maana ulipanda siku ile, uusogeze tawi la nje na kuufungia shingo nyingine ya chupa ili usiguse mti. Ulimwambia yule Mdachi, bwana wa simu, tangu mwanzo kwamba huo ni mti wa ukoo wenu, mnatambikia chini yake, haupandwi. Akasema ndio mrefu kuliko yote. Ukapanda. Mimi nilikuwa chini nimeshika kamba, na kamba ikawa nyepesi ghafla. Niishie hapo.

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani. Niliingia kaburini kabla yako, nikalala, nikasema hapa pananitosha, huyu mtafutieni pengine. Halafu nikakuigiza: jicho moja nimelifumba, kichwa upande, kibuyu sikioni, nawafokea waombolezaji wanyamaze eti nasikia Ulaya. Watu walicheka, mkeo Mwajuma akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto, na sikujali nani ananiona.

Lakini msiba wako haukuisha, Mkude. Mjomba wako alikataa. Saidi, mtoto wa dada yako, alikuwa tayari kurithi jina, na pombe ilikuwa imeshapikwa. Mjomba akasema jina haliwezi kurithiwa huku mti uliokuua umefungwa waya. Waya ushuke kwanza. Basi tangu hapo nyumbani kwenu hawakutaji. Wanasema "yule." Mwajuma bado amekaa chini kama mfiwa, hana ruhusa ya kuanza maisha. Nawe mwenyewe uliwahi kuniambia, tukichoma magimbi pale mlangoni, kwamba kwenu mtu asiyerithiwa jina ndiye aliyekufa kweli. Nilidhani unanitisha tu.

Nilimwendea bwana wa simu nikamwomba tuuhamishie waya kwenye mti mwingine. Akasema mti ni mti. Nikarudi tena, akanionyesha kiboko kilipotundikwa. Sikurudi mara ya tatu. Niliogopa, nakuambia wazi. Usiku Mwajuma alinitumia salamu, anauliza bado? Nikajibu bado.

Sasa Waingereza wanakuja, inasemekana wameshavuka mto Wami. Mjini watu wanafukia mahindi, na ng'ombe wameswagwa milimani. Leo alfajiri ikaja amri: kila kitu kishuke, tunazunguka milima kwenda Kisaki. Bwana wa simu yule yule, eti "haraka, haraka, toa waya." Nilipanda mti wenu, nikawaomba radhi watu wako kwa kila tawi nililokanyaga. Nikakata kila kifundo ulichofunga. Vifundo vyako vigumu, we bwana, vimenichana vidole.

Niliposhuka sikumngoja mtu. Nilikimbia mpaka kwa mjomba wako, hata shikamoo yangu ilikatika kwa kuhema, nikamwambia waya umeshuka, mwite Saidi. Akageuka kumtazama Mwajuma. Mwajuma ndiye aliyenijibu. Askari walipita jana jioni kukusanya wapagazi. Saidi walimkuta shambani, wakamfunga kamba na wenzake, wakaondoka naye kwa njia hiyo hiyo ya Kisaki. Dada yako hana mtoto mwingine wa kiume.

Jana, Mkude. Nimekaa siku chungu nzima chini ya waya ule, na wao wamekuja jana.

Nina hasira na sijui nimpe nani. Wapagazi wanaoondoka hivi hawarudi wengi, hilo tunalijua sote, hata mjomba analijua, ndiyo maana hakulia. Nikamwuliza, je, mtani anaweza kumpa mtu jina huko huko njiani? Akakwangua udongo kwa kidole cha mguu. Mwisho akaingia ndani, akatoka na kofia yako, ile yenye alama ya moto pembeni, akaniwekea mikononi. Mwajuma akasema, "Ukimwona Saidi, mwambie sijainuka bado."

Kesho naondoka na masanduku ya simu. Nitapita mstari mzima wa wapagazi, mmoja mmoja, mpaka nimwone Saidi. Nikimkuta, hata kama yuko chini ya mzigo, hata kama askari ananifokea, nitamvika kofia na kumwita Mkude kwa sauti, mara moja, mbele ya watu. Na nikikuta amekufa, nitamwita hivyo hivyo kabla hawajamfukia.

Lala pema, Mkude. Nimekutaja. Wa kwanza kukutaja tangu tukuzike ni mimi, Mnyamwezi, na hawana la kunifanya.

Mtani wako,
Masanja