Kompyuta ya Likelemba

Jumatatu, 21 Machi

Barua kumi na mbili za kuomba kazi. Risala ya harusi. Orodha ya waliokimbia vita, kurasa tisa, mwenyewe aliitaka kabla ya adhuhuri. Nimepiga chapa zote bila kuangalia vitufe hata mara moja. Hapa Bunia hakuna anayenishinda. Najisifu, na daftari ni langu.

Leo pia nimebeba likelemba! Tuko wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anachukua fungu lote. Sasa zamu yangu. Ila kikundi chetu kina sheria yake: fungu linanunua kitu kimoja, na Jumapili inayofuata kitu hicho kinawekwa juu ya mkeka. Wote wanakigusa, wote wanakiona kinafanya kazi. Kisipofanya kazi, unarudishwa mkiani, mwaka mzima unatoa bila kupata. Kuna mmoja wetu alileta pasi iliyogoma kupata moto. Mpaka leo jina lake ni Mama Pasi.

Wanangojea cherehani. Mimi nataka kompyuta ya mkononi, ya kutengenezea michezo. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 22 Machi

Mchezo wa kwanza tayari umo kwenye flashi. Kumbikumbi wanatoka kichuguuni, unawakinga kwa beseni la maji kabla kuku hajawala. Basi, ndiyo hayo tu. Niliutengeneza kazini saa za kukosa wateja, mpaka bosi akasema mashine zake si za wadudu. Sawa. Nitapata yangu.

Nimezunguka madukani na flashi mfukoni. Kumbikumbi wakiruka, nanunua. Wasiporuka, kwaheri.

Ya kwanza nyekundu, nyembamba, inapendeza. Giga mbili tu za kumbukumbu. Kumbikumbi mmoja aliruka akabaki hewani kama nguo kwenye kamba. Nilingoja. Akabaki.

Ya pili iliwarusha vizuri sana. Nikachomoa waya wa umeme, ikazima papo hapo. Betri ni pambo. Na umeme wetu unakuja siku unayojisikia.

Miguu inauma. Bado nina furaha.

Jumatano, 23 Machi

Duka la Jado, nyuma ya soko. Kompyuta nyeusi, nzito, ilikuwa ya ofisi huko Kampala. Sura mbaya kabisa. Lakini giga nane, na betri inavumilia saa tatu.

Nikakaa, macho kwenye kioo, nikaandika jina langu. Masika. Likatoka na q mbili mahali pa a, na mahali pa m nukta-mkato. Nikarudia. Vilevile. Nikapaza sauti: hii ni mbovu, Jado, unatuuzia takataka! Duka lilikuwa limejaa. Wateja wawili waliweka chini walichoshika, wakaondoka. Mimi nikatoka kichwa juu. Hata flashi sikuichomeka.

Mimi si mtu wa kudanganywa.

Alhamisi, 24 Machi

Risasi tangu asubuhi, upande wa kaskazini. Maduka yamefungwa. Watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Naogopa. Kazini sikwenda.

Nimeshinda na Mama Dhena, jirani yangu, mwenzangu wa likelemba. Yeye mwenyewe alikimbia vita kutoka Djugu, huko kaskazini, miaka mitatu iliyopita. Anakaanga mikate mbele ya lango letu, na leo amekaanga mara mbili ya siku zote maana wanaofika wana njaa. Nilimsaidia kukanda. Nikamweleza habari ya kompyuta, yeye wa kwanza. Nikajisifu namna nilivyomuumbua Jado. Akageuza mikate kwanza.

«Kumbe weye hauangaliaka chini? Basi labda ni vidole yako iko mubaya, hapana mashini.»

Nilicheka. Halafu kicheko kikakatika. Kampala! Kule wanaandika Kiingereza, sisi hapa Kifaransa, na herufi zao kwenye vitufe zimepangwa vingine. Hilo nalijua. Ningeinamisha macho mara moja tu ningeliona.

Aibu yangu. Unga mpaka viwiko, na aibu.

Ijumaa, 25 Machi

Maduka bado. Risasi zimepungua. Nawaza kitu kimoja: kuna mtu amekwisha kuinunua. Keshokutwa mkeka utakuwa mtupu. Sina hamu ya kula. Mjinga mimi.

Jumamosi, 26 Machi

Wamefungua saa nne. Nilikimbia. Ndiyo, mbio, na kitenge changu cha heshima.

Ipo! Imebandikwa karatasi: MBOVU, KWA VIPURI. Bei nusu. Maneno yangu ya Jumatano yalizunguka soko zima, hakuna aliyetaka kuishika. Ningeweza kunyamaza, nilipe nusu, niende zangu. Niliwaza kunyamaza. Nakiri, niliwaza kwa muda mzuri tu. Halafu nikamwambia.

Jado alicheka mpaka akashika meza.

«Ya Masika, dada yangu, weye uliua mashini yangu na mudomo!»

Akabandua karatasi. Adhabu yangu: kutangaza kwamba mashine ni nzima, kwa sauti ileile ya Jumatano, mbele ya wateja. Nimetangaza. Mwanamume mmoja akapiga makofi. Tukakutana katikati kwenye bei.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia kompyuta ifuate herufi za Kifaransa. Sasa yaliyoandikwa juu ya vitufe ni uongo mtupu, lakini mimi siangalii! Nikachomeka flashi. Kumbikumbi wakaruka. Wote! Nikapiga kelele nyingine humo dukani, na hii haikuwa ya adhabu.

Jumapili, 27 Machi

Baada ya misa, wote kumi na wawili kwangu. Nikafunua kitambaa.

«Cherehani iko wapi?» akauliza Mama Présidente, mkubwa wa kikundi, ambaye hajawahi kusamehe pasi.

Umeme hakuna. Nikabonyeza kuwasha. Ikawaka kwa betri. Waliigusa mmoja mmoja, wanaiminyaminya kama mbuzi wa kununua. Mama Pasi akanionea huruma, nikaona kabisa. Nikafungua mchezo. Hakuna aliyesogea. Nikajua nimekwisha.

Mama Dhena akajifuta mafuta vidoleni, akabonyeza mshale. Beseni likasogea. Akakosa watatu, akakinga mmoja. Kuku akala wawili.

«Kushoto, mama! Peleka kushoto! Ile kuku ni mwizi!» Huyo ni Mama Présidente.

Basi, ikawa vurugu. Kumi na wawili, mabega kwa mabega, kila mtu anamtukana kuku. Wa Djugu na wa hapa, waliokuwa wanakaa mbalimbali kwenye mkeka tangu mwaka jana, sasa wanagombania kitufe kimoja. Betri ilikata roho katikati ya zamu ya Mama Présidente, anaongoza. Akasema nimeizima makusudi. Kisha akasema imekubaliwa, na Jumapili ijayo tunaanzia pale pale alipofikia.

Nina furaha mpaka mashavu yanauma.

Jumatatu, 28 Machi

Barua tano tu. Mji umetulia, mvua kidogo.

Jioni amekuja Mama Dhena. Akauliza kama kitu hiki kinaweza kuchora nyumba. Yake ya Djugu, ile iliyochomwa vitani. Hana hata picha.

Tukakaa. Yeye anasema, mimi naweka miraba, mmoja mmoja. Ukuta wa udongo mwekundu. Bati, upande mmoja jipya, upande mmoja la zamani. Mparachichi. Tulipomaliza akaiangalia kwa muda mrefu. Nikadhani nimemuumiza.

Akasema mlango ulikuwa kushoto. Nikauhamisha. Akasema ndiyo, hapo. Akavuta kigoda karibu, akaanza kunieleza jiko.