Mbuzi Hakati kwa Panga

Mama Veneranda,

Naenda Kigwa kwa dada yangu, kwa gari la moshi la asubuhi. Uji uko jikoni, nimeufunika. Kisiki cha myasmini kimwagiwe maji jioni, ya kisimani, si yale ya kuoshea vyombo. Kiwekeeni samadi, kitachipua.

Jana mliniapia wote watatu, wewe, Veneranda na mama yako, kwamba mbuzi ndiye aliyekula myasmini. Nikamchapa mbuzi. Leo alfajiri nimekuta matawi nyuma ya choo, yakiwa bado na maua yake. Yamekatwa kwa panga. Mbuzi gani huyo, anakata halafu anaficha?

Najua mama yako anaamini harufu ya yale maua inaita nyoka. Ungeniambia, ningeuhamishia mbali na dirisha lake. Myasmini ule niliupanda kwa ajili yako mwaka tuliooana, upate maua ya kuweka kwenye nywele. Umesahau?

~~Sirudi.~~ Narudi Jumamosi. Mama yako mpe shikamoo yangu.

Na mbuzi apewe maji na majani mabichi. Humu nyumbani ni yeye tu ambaye hakunidanganya.

Baba Veneranda