Nani Anaiua Miche Yangu ya Bangi?

Mpendwa Bi Walburga,

Naomba msaada wako, na tafadhali unijibu kwenye gazeti la Jumamosi hii hii, kabla mche wangu haujafa au ndoa yangu haijafa, maana sijui kipi kitatangulia. Nina miaka sitini na tatu, naishi hapa Zwickau ghorofa ya tatu, na tangu wanibadilishie nyonga ya kushoto usingizi umenikimbia, daktari wangu anajua na tumeshaongea, kwa hiyo sheria ilipolegezwa nikasema na mimi nitaotesha bangi yangu nyumbani, mimea mitatu kama sheria inavyoruhusu, kwa nini nitumie ya mtu nisiyejua kaipulizia nini wakati nimelima nyanya miaka arobaini na chama chetu kizima cha wenye bustani kinazijua nyanya zangu.

Shida ni mume wangu. Eckhard alikuwa mtu wa forodha mpakani na Ucheki kwa miaka thelathini na moja, kazi yake kupekua magari ya watu akitafuta hiyo hiyo bangi, na siku yangu ya kuzaliwa nilipowatangazia wageni mpango wangu alisimama na keki mdomoni akasema, "Siku mtakayoniona nimeshika jani hilo, nizikeni siku hiyo hiyo!" Watu wakacheka, mimi sikucheka, nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikanunua hema dogo la kuoteshea na taa yake, nikaviweka chumba cha nyuma alichokuwa akilala binti yetu Silke, na mlango naufunga kwa ufunguo kwa sababu ya wajukuu. Mbegu zote tatu zilichipua ndani ya siku nne, Bi Walburga, zote tatu! Na mimi si mvivu, kila asubuhi saa moja na kila jioni saa kumi na mbili nafungua madirisha ya nyumba nzima wazi kabisa dakika kumi, theluji inyeshe isinyeshe, kama mama yangu alivyonilea, na hema nalifungua zipu mpaka juu ili na miche yenyewe ivute hewa safi, halafu naimwagilia kwa maji ya mvua kutoka pipa la roshani, si ya bomba, napasua barafu ya juu kwanza nachota ya chini, na kila Jumapili naitilia kijiko cha mchuzi wa majani ya kuwasha niliouvundika uwe mbolea tangu majira ya joto, maana hiyo ndiyo siri ya nyanya zangu.

Siku ya tisa mche wa kwanza ukaanguka, nimeukuta umelala ubavu, shina limesinyaa pale pale linapotoka udongoni, limekuwa kama uzi, utadhani mtu kaliminya kwa kucha. Siku ya kumi na mbili ukaanguka wa pili, vile vile. Kucha za nani? Nyumba hii tunaishi wawili, na ufunguo wa pili anao yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kumchunguza. Mara tatu nimekuta dirisha la chumba kile limefungwa kabla dakika kumi hazijaisha, anataka mche ukose hewa. Kisha kile kibao changu cha gome laini cha kuwekea sufuria za moto kikapotea jikoni, nikakikuta chini ya chungu cha mche, ameuinua pale nilipouweka, sijui kwa nini, labda taa iuunguze. Na Ijumaa iliyopita nikamkamata ndani, amepiga magoti mbele ya hema, skafu yake ya sufu aliyofumiwa na marehemu mama yake ameizungusha kwenye chungu, anaunyonga mche wangu! Nikamuuliza, "Eckhard, unafanya nini humo?"

"Natafuta bisibisi."

"Bisibisi kwenye hema la bangi?"

"Kwani wewe vitu unaweka mahali pake?"

"Mwongo mkubwa wee! Umeniulia miwili, huu wa tatu huugusi!"

"Mimi? Mimi ndiye ninayeua?" Akanitazama kama hanijui, akainuka, akasema, "Haya mama, endelea kupitisha hewa yako," akavaa koti, akanyoosha mkono kuichukua skafu, halafu akaurudisha mkono, akatoka. Nadhani dhamira ilimsuta. Ufunguo wa chumba nilimnyang'anya hapo hapo mlangoni, na tangu siku hiyo analala kwenye kibanda chetu cha bustani, na kanuni za chama zinakataza kulala humo, mwenyekiti ameshanipigia simu mara mbili. Silke naye ananilaumu mimi, eti, "Mama, baba ana miaka sitini na nane, nje ni nyuzi sita chini ya sifuri, kwa ajili ya mche?" Nimemwambia si kwa ajili ya mche, ni kwa ajili ya usaliti, mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na nane anaingia kwa siri kuua kitu kidogo kinachonipa matumaini ya kulala.

Mche uliobaki shina limegeuka zambarau, majani yameinama, ncha zake ni za njano, wiki mbili haujaongezeka hata kidole, na tangu aondoke umezidi kulegea, kwa hiyo naona sumu yake inaendelea kufanya kazi. Jumatatu saa tatu fundi anakuja kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Nakutumia picha, skafu sijaigusa, nimeiacha pale pale iwe ushahidi. Wewe umefanya kazi vitaluni maisha yako yote, niambie tu ni sumu gani aliyotumia ili nimwoneshe Silke, na niambie kama mtu wa namna hii anastahili kurudishiwa ufunguo.

Ni mimi, Ortrud, nisiyelala

*

Bi Ortrud,

Kaa chini. Na kabla hujakaa, funga dirisha.

Picha yako nimeiangalia kwa miwani ninayovaa kutunga uzi kwenye sindano, barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu ninalo bila wasiwasi wowote: sumu hakuna. Kucha hakuna. Anayeiua miche yako anaamka kila siku saa moja asubuhi, anapasua barafu kwenye pipa, na anajivunia nyanya zake. Pole sana mwenzangu. Nyani haoni kundule, na mimi leo nimepewa kazi ya kukushikia kioo.

Mche mchanga wa bangi unapenda joto, nyuzi ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, mchana na usiku bila kuchezewa. Wewe mara mbili kwa siku unaufungulia zipu, unaupuliza upepo wa nyuzi sita chini ya sifuri usoni, halafu ukishaanza kutetemeka unauogesha maji ya barafu. Shina la zambarau kwenye mche wa umri huo, mahali palipo baridi hivyo, ni baridi, usitafute neno jingine. Majani yaliyoinama hayana kiu. Mizizi imezama kwenye tope na haipumui, nimeuona huo mchirizi wa maji kwenye kisahani. Na ile miwili iliyoanguka na shina kama uzi, kila mtu wa kitalu anaujua ugonjwa huo hata akifumbwa macho: udongo baridi uliolowa huzaa ukungu, ukungu hula shina pale pale linapotoka udongoni, mche unalala ubavu. Kucha za binadamu hazihusiki.

Ncha za njano ni mchuzi wako. Bi Ortrud, mche wa wiki tatu bado una chakula chake udongoni, na wewe unaulisha mchuzi uliovunda tangu Julai. Kuna mtu anampa kichanga soseji? Utaniambia nyanya hazijawahi kulalamika. Nyanya zako unazianzishia jikoni mwezi wa tatu, juu ya kipasha joto, na mchuzi unazipa zikishakuwa na kimo cha mtu. Ulichowafanyia watoto wa nyanya, mtoto wa bangi hukumfanyia.

Sikucheki. Na mimi nimelelewa na mama wa madirisha, na mkataba wa nyumba yangu una kifungu kizima cha kupitisha hewa, nakifuata kama sala. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kitaluni Erfurt, asubuhi moja ya mwezi wa pili niliona vioo vimejaa jasho, nikafungua madirisha yote ya banda la matango ili yapate hewa safi. Trei arobaini. Bosi wangu hakupiga kelele, alinipa ufagio tu akasema, "Haya binti, wazike watoto wako." Nililia mpaka chakula cha mchana. Kwa hiyo nikikukemea, jua anayekukemea ameshawahi kuua zaidi yako.

Sasa tuje kwa Eckhard, na hapa nitakuwa mkali.

Uliniandikia makosa yake matatu. Kosa la kwanza, anafunga dirisha. Ndiyo, analifunga kabla dakika kumi hazijaisha, kwa sababu mche unaganda. Kosa la pili, kibao chini ya chungu. Sakafu ya chumba hicho ni ya vigae, nimeviona pichani, na vigae mwezi wa Januari vinanyonya joto lote la chungu. Kibao kinazuia baridi isipande. Kosa la tatu, skafu. Angalia tena hiyo picha yako ya ushahidi. Skafu haijagusa jani hata moja. Imezungushwa kwenye chungu, imekunjwa vizuri mbele, kama mtu anavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Huyo unayemwita muuaji ni yaya, Bi Ortrud. Miwili ya kwanza ilikufa kabla hajaanza kuingia, kwa maelezo yako mwenyewe, na huu wa tatu uko hai kwa sababu aliingia. Alipoondoka ukalegea. Sumu haikuwepo, aliyekuwa akifunga dirisha ndiye hayupo. Hata maneno yake ya mwisho, "endelea kupitisha hewa yako," alikuwa anakupa jibu la swali unaloniuliza mimi.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu aliapa mbele ya wageni na keki mdomoni, na mwanamume wa forodha akishaapa ni afadhali atambae kwa magoti kwa siri kuliko kuvunja kiapo chake mchana kweupe. Na wewe Eckhard, kama gazeti hili limekufikia huko kibandani, nina neno lako pia. Miaka thelathini na moja uliwauliza watu, "Una chochote cha kutangaza?" Siku moja umeulizwa wewe, ukasema bisibisi. Aibu yako!

Turudi kwako. Leo usimwagilie. Kesho usimwagilie. Mwaga maji ya kisahani, na uinue chungu kwa mkono kila asubuhi: kikiwa kizito, kiache, kikiwa chepesi kama kikombe kitupu, upe mche nusu kikombe cha chai cha maji yaliyolala usiku mzima jikoni, vuguvugu, kwa kuzunguka pembeni, si shinani. Nunua kipimajoto cha bei ndogo ukitundike usawa wa majani. Taa ukihisi inaunguza kiganja chako pale majani yalipo, ipandishe. Mchuzi uufungie kwenye stoo mpaka mmea uwe na jozi nne au tano za majani ya kweli, na hata hapo uanze na matone. Hewa pitisha, sikukatazi, hata ningekukataza usingenisikia, lakini kwenye vyumba vingine, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa umefungwa na zipu imevutwa mpaka chini. Hizo ncha za njano hazitarudi kuwa kijani, usizihuzunikie. Tazama majani mapya katikati. Yakitoka yamesimama ndani ya siku kumi, mche umepona, na mimi nasema utapona, nimeona iliyo na hali mbaya zaidi ikivuka. Ufunguo wa chumba endelea kuuficha wajukuu wasiuone. Hilo peke yake ulilifanya sawasawa.

Fundi wa kitasa mpigie leo umwambie asije, usingoje Jumatatu. Mpigie na mwenyekiti wa chama, mwambie mpangaji wake anahama leo. Silke usimpigie, atajua mwenyewe, na jiandae kuchekwa mpaka Pasaka.

Kisha jaza kahawa kwenye chupa, vaa viatu vya theluji, nenda kibandani na ufunguo wake mfukoni. Usianze hotuba ya msamaha mlangoni, atasema hana la kukusamehe na mtagombana upya. Mwambie unahitaji mtu wa zamu ya asubuhi, wa kukagua joto na kukuzuia na pipa. Ni kazi ya ukaguzi, ataikubali.

Na kabla hujatoka nyumbani, tafuta kitambaa chako mwenyewe ukizungushe kwenye chungu. Uliniandikia kwamba alinyoosha mkono kwenye skafu yake halafu akaurudisha, na ukadhani dhamira ilimsuta. Nje ilikuwa nyuzi sita chini ya sifuri na alikuwa anakwenda kulala kwenye mbao. Aliuacha mche wako uivae. Mpelekee skafu yake, Bi Ortrud, na umfunge wewe mwenyewe.

Walburga Hentschel