Niliandika Kwamba Vinadumu Siku Kumi na Nne

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa nakuambia mapema kwamba kunyamaza sitanyamaza. Mimi ni Hana, nina miaka ishirini na minane, kwetu ni Iguguno, na baba yangu, Mzee Lazaro, ana mashine ya kukamua alizeti aliyonunua watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara hiyo, nayo ndiyo iliyonisomesha hadi chuo kikuu, ninakochukua shahada ya pili ya kemia. Kazi yangu ni kutenganisha dawa zilizochanganyika, tunatumia bomba la kioo jembamba kama unywele, tunalijaza maji yenye chumvi na kupitisha umeme, na humo ndani wengine hutia sabuni peke yake lakini mimi natia vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kuta zake ni sabuni na mafuta niliyoyatoa kwenye mashapo ya alizeti ya baba. Dawa inayopenda mafuta hujishikiza kwenye vifuko ikachelewa, isiyoyapenda hutangulia, basi zinaachana, na tunaweza kukadiria ipi itapenya mwilini kwa urahisi, kwa sababu seli zetu nazo zina kuta za mafuta.

Mshauri, kwenye ripoti yangu ya utafiti niliandika kwamba vifuko vinadumu siku kumi na nne. Si kweli. Siku ya tano vinaungana, maji yanaingia ukungu, na dawa mbili zinatoka pamoja. Niliona hivyo mara sita, na kila mara niliandika pembeni ya daftari "umeme ulikatika", nikayaacha matokeo hayo nje, maana nilitaka kumaliza na msimamizi wangu alikuwa ananisifu kila mahali.

Halafu kazi yangu akapewa Tanvir aiendeleze, kijana wa wenye duka Singida mjini, tuko naye maabara moja. Miezi minne alifuata siku zangu kumi na nne, hakupata kitu. Msimamizi akamwambia mbele ya wote kwamba hajui hata kuosha vyombo, na kwamba muhula ukiisha hivyo ataondolewa. Siku hiyo Tanvir alinifuata akaniuliza taratibu, "Hana, wewe ulifanyaje?" Nikamjibu, "Osha bomba tena." Akaenda kuosha.

Wiki iliyofuata sikuweza tena, nikaenda kwa msimamizi nikamweleza yote. Akaniambia nikishafuzu tutarekebisha, ila nikifungua mdomo sasa shahada yangu itapotea na maabara itakosa wafadhili, akanituma nyumbani nikapumzike. Baba naye anasema ninyamaze hadi mahafali kwa kuwa kanisani wameshatangaziwa. Wote wananiita mwenye kiburi. Na iwe kiburi. Mwezi ujao kuna semina ya idara, nitasimama nitasema mbele ya watu wote. Je, nitamvunjiaje baba neno lake bila kumvunjia heshima? Jina langu lichapeni kama lilivyo, nimejificha vya kutosha. La mwenzangu nimelibadilisha.

Hana, Iguguno

Marahaba, Hana.

Uko sahihi kukataa kunyamaza, na msimamizi wako hana haki ya kukutisha. Sasa nisikilize. Unapanga kusimama kwenye semina kama shujaa, na Tanvir atayasikia akiwa amekaa katikati ya wageni. Alipokuuliza hapakuwa na msimamizi wala baba. Jibu lile ni lako peke yako.

Panda basi wiki hii, umwambie yeye kabla ya idara nzima. Usilie mbele yake akaanza kukubembeleza. Akikasirika, mwache akasirike. Mpe daftari lenye kurasa zote, mtengeneze vifuko vipya, na siku ya tano apime mwenyewe. Kisha andika ukurasa mmoja: ulichoona, tarehe, ulichoacha. Nakala kwa msimamizi, nakala kwa mkuu wa idara, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Andika siku tano. Vifuko vya siku tano ni kazi halali kabisa.

Na baba yako mwambie leo, umeketi, kwa sauti ya kawaida. Mwambie kanisani utakwenda kueleza wewe, asibebe aibu hiyo yeye. Mtoto anayekataa kwa adabu hajamtukana mzazi.

Wasomaji, jibu hili nililituma kwa posta kabla ya kulichapa, na juzi Hana aliniandikia. Tanvir alipima, akaona, akaongezewa muda. Shahada ya Hana imeahirishwa mwaka mzima, na msimamizi mwingine amempokea. Mzee Lazaro alikasirika, lakini siku ya nne akamsindikiza stendi. Hana anasema hajutii hata kidogo, ila Tanvir hamwitikii salamu, naye anauliza afanye nini zaidi.

Hakuna zaidi, Hana. Kutokuitikia ni haki yake. Wewe msalimie kila asubuhi, kisha uende ukafanye kazi.