Bakuli la Bi Mize

Bi mkubwa, shikamoo.

Nakuamkia kwanza, usije ukasema huko uliko kwamba mke mdogo kaota mapembe tangu ulipoondoka. Marahaba yako siisikii, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa ukiichelewesha makusudi, mpaka nikuamkie mara ya pili.

Mwenzangu, kuna jambo nimeliona kwa macho yangu na mpaka sasa mwili haujanitulia. Nilijiuliza nimwambie nani. Wengine wangecheka, wengine wangeongeza chumvi. Wa kuambiwa ni wewe, maana linakuhusu kuliko linavyonihusu mimi. Mume wetu kaingiza mkono kwenye bakuli la mama yako, katoa samaki.

Ndiyo, ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimesimama pale pale na bado siamini.

Ngoja nianzie mwanzo. Unalikumbuka lile jangwa la chumvi nyuma ya mikoko, tulikokuwa tukikata njia na fimbo zetu kwenda kuchokoa pweza, wewe mbele mimi nyuma, tumenuniana kwa ajili ya zamu? Limechimbwa lote. Tangu ufe pamekuwa mabwawa, yamezungushiwa uzio wenye mlango wa bati, na humo ndani wanafugwa samaki, mwatiko. Mwatiko huyu huyu aliyekuwa akikukasirisha kwa miiba. Wanaletwa wadogo, eti wanaitwa vifaranga, wanalishwa pumba, na wakikua "wanavunwa" kama mpunga, wanatiwa barafu na kuvushwa kwenda Dar.

Na anayewalisha na kuwalinda ni nani? Mume wetu. Yeye aliyekuwa akisema samaki wa kulishwa ni kuku asiye na miguu. Bahari ilimchosha, bi mkubwa. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi na vichangu visivyotosha mchuzi wa nyumba moja, sembuse mbili. Siku ya kwanza nilipomwona anaondoka na ndoo ya pumba nikageukia ukutani nicheke, nikajikuta nalia.

Wala si yeye peke yake. Pweza wetu anapimwa pale pale ufukweni, hata kabla hajafa vizuri, na wanasema analiwa Ulaya. Mpwa wangu anayepika hotelini Utende kaniambia wapo wageni wanaoagiza samaki mwenye nyama ya rangi ya chungwa, aliyefugwa ng'ambo huko kwenye baridi, akaja kwa ndege. Samaki anakuja Mafia kwa ndege! Nilimwambia aache kunichezea akili. Akanionyesha boksi alilokuja nalo.

Sasa nije kwa mama yako.

Unajua mwenyewe Bi Mize alivyoishi tangu baba yako alipofariki. Chombo kikifika dikoni, pale vyombo vinapopandishwa, yeye yupo na bakuli lake la bati lenye maua. Anashika kamba na wenzake, wanavuta chombo mpaka juu, kisha anaokota kitoweo chake, anakifunika kwa ncha ya kanga na kwenda zake. Hakuna aliyemuuliza. Umeshika kamba, umekula. Ndivyo sote tulivyolelewa.

Basi siku ya kuvuna bwawa habari zikaenea, na wanawake tukaenda, na mimi nikiwemo. Mlango ulikuwa wazi. Mama yako akajifunga kibwebwe, akashika wavu na vijana, na hakuna aliyemzuia. Walimpisha hata mahali pazuri pa kukanyaga. Samaki walipomwagwa kwenye turubai akainama, akachagua mmoja, wala hakuwa mkubwa, akamtia kwenye bakuli, akafunika na kuanza kuondoka.

Msimamizi ni kijana wa bara, ana adabu zake, mimi mwenyewe hunipa shikamoo. Hakupiga kelele. Alimgeukia mume wetu akasema, "Mlinzi, huyo samaki ana mwenyewe."

Bi mkubwa, unajua mume wetu alivyo na haya kwa mkwe wake. Miaka yote ile akimwona njiani anakata kona, na hajapata kutia tonge mdomoni mbele yake. Nikaomba Mungu aseme tu, huyu ni mama wa mke wangu. Hakusema. Kijana akarudia. Ndipo akaenda, uso kaugeuzia pembeni kama kawaida yake, asimtazame mama. Na uso ukiwa huko huko pembeni akapeleka mkono, akawa anapapasa ndani ya bakuli mpaka akampata yule samaki, akamtoa.



Mama yako hakulia wala hakugomba. Alisema, "Mnisamehe wanangu. Nilidhani ni pwani." Akaondoka na bakuli tupu, na ncha ya kanga bado kalifunikia.

Yule kijana alinifuata baadaye akaniambia, "Mama, angeomba tu ningempa." Namwamini kabisa. Lakini aombe kwa nani, na kwa maneno gani? Katika umri wake wote hajawahi kuomba kitoweo, hata hajui inavyosemwa.

Mume wetu hakula siku ile. Alikwenda kusimama nyuma ya nyumba ya mama, akamtaka radhi kupitia ukutani. Mama akamjibu, "Yameisha, baba, nenda kazini." Akaenda, kwani watoto wako na wangu wanakula kazi ile ile. Nimemkasirikia mpaka leo, na shati lake la ulinzi namfulia.

Lakini kwa mama hayakuisha. Aliacha kwenda dikoni. Bakuli akalifudikiza juu ya mtungi na hakuligusa tena. Wavuvi wakawa wananipa samaki nimpelekee, naye anauliza, "Wa nani huyo?" Swali hilo hakuwa amepata kuliuliza tangu azaliwe. Akishauliza, anamrudisha. Nikaanza kuogopa, maana alikuwa anakonda, na nilikupa ahadi ya kumtunza siku ile unakata roho, ingawa sijui kama ulinisikia.

Leo asubuhi nimemdanganya. Nimemwambia umenijia ndotoni. Akauliza, "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema mama akashike kamba." Akanyoosha mkono kwenye mtungi, akalichukua bakuli.

Tulikwenda naye. Chombo kilipofika alishika kamba nyuma yangu, na nilisikia pumzi zake shingoni kwangu tukivuta. Nahodha akamtilia tasi wawili kwenye bakuli, akamtania kwamba alivyopotea alidhani kaolewa kisiwani Chole. Mama hakucheka. Hakufunika bakuli. Alisimama nalo wazi kalikumbatia, akiwatazama wanaume mmoja mmoja usoni, akingoja nani kati yao atakuja kuwatoa.

Hakuja mtu. Nikafungua kanga yangu ya juu nikalifunika mimi.

Sasa, mwenzangu, uongo ule nisaidie kuufanya kweli. Mjie mama yako hata mara moja, umwambie maneno yale yale, asije akanishika. Na mume wetu umsamehe ukiweza. Mimi bado, nitakuarifu.

Pumzika, bi mkubwa, Mungu akulaze pema. Tulizigombania zamu wewe na mimi mpaka majirani wakachoka. Hii ya mama yako nimeichukua, na safari hii sirudishi.

Mke mwenzio,
Asha